Udongo unaoliwa upimwe kama chakula

Mama mjamzito anayenunua emumbwa sokoni Mbarara hamuulizi muuzaji una nini ndani, mbali na yale majani ya dawa. Anaunusa, anatazama rangi, analipa. Tanzania mwenzake hununua pemba, Kenya odowa. Mfanyabiashara aliyeshusha gunia Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, kisha likagawanywa hadi vibanda vya Nakivale, naye hajui zaidi ya mteja wake. Anajua bei.

Risasi na aseniki hazina harufu kwenye udongo, na jicho la mzoefu wa miaka 20 haliwezi kuzitambua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu udongo unaoliwa na wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, ulikuta aseniki ndani yake. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nayo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Kipimo kipo, wala si kipya. Alan Walsh alikieleza huko Australia mwaka 1955. Udongo husagwa, huchemshwa ndani ya asidi kali ili metali zitoke, kisha maji yake hupulizwa kwenye moto wa asetilini. Taa yenye risasi ndani yake humulika kupitia moto huo. Atomu za risasi zilizo motoni hunyonya mwanga wa taa hiyo. Kadiri mwanga unavyopungua upande wa pili, ndivyo risasi ilivyo nyingi, na kiasi chake hupatikana kwa kulinganisha na maji ambayo risasi yake inajulikana. Kila metali na taa yake.

Wapo wanaotaka biashara hii ipigwe marufuku. Watapata nini? Gunia litapita njia za panya, mto Kagera ni mrefu, na mama ataendelea kula. Afadhali udongo uhesabiwe kuwa chakula, na cheti kilichotolewa Uganda kikubalike Mutukula bila kupimwa upya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango na upimaji tangu mwaka 2006. Isiishie kwenye unga na sabuni.

Wafanyabiashara watalalamikia gharama, na wana haki. Mwenye magunia matatu hawezi kulipa maabara. Lakini wanaochukua udongo shimo moja wanaweza kuchangia kipimo kimoja, mradi sampuli ichotwe vizuri: konzi moja kutoka kila gunia, zichanganywe, ndipo itolewe ya kupeleka. Kipande kizuri kilichochaguliwa kwa mkono hakisemi lolote kuhusu magunia mengine. Na shimo likibadilika, kipimo kinaanza upya, hata kama rangi ni ileile.