Shule hazikufungwa, lakini maji yako wapi?

Kila mwaka hapa Bujumbura mambo mawili huja pamoja: kengele ya shule na maradhi. Sisi hatuna majira ya theluji kama Ulaya, ambako watu hujifungia ndani na mafua yakaenea. Kwetu watoto hurudi darasani mwezi Septemba baada ya likizo ndefu ya kiangazi, na haipiti muda mrefu mvua nazo zinaanza. Mitaro inajaa, vyoo vinafurika, madirisha ya madarasa yanafungwa. Huo ndio wakati ambao mzazi na mwalimu wanapaswa kuwa macho zaidi.

Katika miaka ya karibuni tumepita katika mitihani mitatu mikubwa. Machi 31, 2020 walitangazwa wagonjwa wa kwanza wa korona nchini. Januari 2023 ukatangazwa mlipuko wa kipindupindu, jiji la Bujumbura likiwamo. Julai 25, 2024 ikathibitishwa homa ya nyani, ambayo siku hizi huitwa mpox, na Agosti 14 mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kuwa ugonjwa huo ni dharura ya kimataifa. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 5, 2025.

Katika mitihani yote hiyo, Burundi haikufunga shule zake nchi nzima. Mwaka 2020 tulikuwa miongoni mwa nchi chache sana duniani zilizofanya hivyo. Tanzania ilifunga Machi 17, ikafungua shule zote mwishoni mwa Juni. Rwanda ilisubiri hadi Novemba. Nchini Kenya wanafunzi walio wengi walirudi Januari 2021. Uganda ndiyo iliyovunja rekodi ya dunia: watoto wapatao milioni 15 walivurugiwa masomo, na shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baadaye.

Je, tulifanya vema? Wapo waliosema tulichezea maisha ya watoto. Mimi nasema uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Mtoto wa Kinama au Buyenzi akifungiwa shule hana kompyuta ya kusomea nyumbani. Atapewa karanga auze barabarani, au atabaki akilea wadogo zake. Nchini Uganda wapo wasichana ambao hawakurudi tena darasani, kwa kuwa shule zilipofunguliwa walikuwa wameshakuwa mama. Hasara ya namna hiyo haina chanjo.

Lakini ndugu msomaji, kuacha mlango wazi ni jambo moja, na kumlinda aliyeingia ni jambo jingine. Hapo ndipo tulipoishia njiani.

Tuanze na maji. Juni 30, 2020 Rais Evariste Ndayishimiye, akiwa na siku chache tu madarakani, alisema korona ni adui mkubwa wa nchi, akatangaza kupunguzwa kwa bei ya sabuni na ya maji. Ilikuwa hatua ya busara, maana ilitambua kwamba usafi una bei. Hata hivyo bei nafuu haimsaidii mtoto ambaye bomba la shule yake limekauka. Tunabandika ukutani picha ya mikono yenye povu, na chini ya picha hiyo pana ndoo tupu. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba maneno ya wakubwa ni mapambo.

Pili ni msongamano. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, nalo ni jambo la kujivunia. Ila madarasa hayakuongezeka kwa kasi ileile. Darasa la watoto 80 na zaidi si jambo la ajabu, na dawati moja huchukua watatu au wanne. Kipindupindu huzuiwa kwa maji safi, choo na sabuni, lakini mpox huambukiza hasa kwa kugusana ngozi. Watoto waliobanana namna hiyo hawawezi kuepukana, hata wakinawa mara kumi kwa siku. Ndiyo maana jiji hili lilipata wagonjwa wengi mwaka 2024, watoto na vijana wakiwa sehemu kubwa yao. Kwa bahati njema waliokufa ni wachache sana.

Tatu ni tumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016-2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Hao ndio wanaokaa katika madawati leo. Mwili wenye njaa hauna askari wa kuulinda. Kikombe cha uji saa nne asubuhi ni kinga, na pia ni sababu ya mtoto kufika shule.

Nne, ambalo halizungumzwi sana, ni moyo wa mtoto. Mwenye upele anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa ugonjwa wenyewe. Hivyo anavaa sweta la mikono mirefu kwenye joto la Bujumbura na kunyamaza. Anayeficha ndiye anayeambukiza. Na yule aliyetengwa majuma mawili au manne hadi vidonda vikapona, akirudi anapachikwa jina, tena hesabu zimemwacha nyuma. Tukitaka watoto waseme mapema, lazima waone kwamba mwenzao aliyesema hakupata aibu.

Mimi nilisomea ukimbizini, katika makazi ya Ulyankulu, Tanzania. Hatukuwa na mabomba shuleni. Tulikuwa na vibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kilichofungwa pembeni. Kila darasa lilikuwa na zamu ya kujaza maji, na asubuhi mstarini tulikaguliwa kucha na nywele. Hakuna aliyengoja mfadhili. Nalisema hili kwa kuwa nimesikia mara nyingi tangu nirudi kwamba bila fedha za nje hakuna linalowezekana.

Bila shaka yapo yanayohitaji fedha za serikali: madarasa, walimu, uji. Hayo tuyadai bila kuchoka. Lakini yapo yanayohitaji Jumamosi moja tu. Tunazo kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Kwa nini kabla ya Septemba baadhi ya hizo zisichimbe vyoo vya shule na kuning'iniza mifereji kwenye mabati? Ni kichekesho cha huzuni kwamba mvua inapiga juu ya paa mchana kutwa, maji yanapita uani na kubomoa ukuta, na chini ya paa hilohilo watoto hawana maji ya kunawa. Maji hayo si ya kunywa bila kuchemshwa, lakini mikono itanawa na vyoo vitasafishwa.

Aidha, kila shule iwe na mwalimu mmoja anayejua dalili za magonjwa haya na kituo cha afya cha kumpeleka mtoto, bila kumtangaza mbele ya wenzake. Na anayerudi baada ya kupona apewe masomo ya kufidia, hata nusu saa kwa siku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Korona ilitukuta tukiwa na ndoo tupu, kipindupindu kikatukuta nazo, mpox nayo vivyo hivyo. Ugonjwa ujao hautatuuliza kama tumejiandaa, na watoto wataendelea kuingia kwa lango lilelile kila asubuhi kwa sababu tumewaambia waje. Tumewaita wenyewe, basi tuwawekee maji.