Anayerejea nyumbani asipokewe na sanda

Mauti yatokanayo na kuzidiwa na mihadarati huingia kimyakimya katika mitaa yetu ya Pwani. Kijana hukutwa asubuhi amekauka maskanini, au nyuma ya mlango alioukomea mwenyewe usiku. Jamaa husema amefariki ghafla, na kabla ya jua kutua amekwisha kuzikwa. Aibu hufunika chanzo cha kifo, na kwa kuwa chanzo kimefunikwa, hapana anayejifunza lolote la kumwokoa atakayefuata. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tumefika mahali ambapo hata kilio chenyewe twakificha.

Heroini si mgeni kwetu. Imekuwa ikiuzwa Mombasa, Malindi na Lamu tangu miaka ya 1980. Hapo awali iliyoenea ni ile ya rangi ya kahawia, ambayo watumiaji waliivuta kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikashika soko heroini nyeupe, ambayo huyeyuka upesi majini, na sindano ikaingia mitaani. Sindano ilileta Ukimwi na homa ya ini. Ilileta pia hatari ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya mtu kuzidiwa na dawa na kukata roho katika muda usiofika nusu siku.

Serikali haikukaa kitako. Mnamo Agosti 2014 meli iliyokamatwa na shehena ya heroini ililipuliwa baharini, Rais wa wakati huo, Bw. Uhuru Kenyatta, akishuhudia. Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha walipelekwa Marekani, na baadaye mahakama ya New York ikamhukumu mmoja wao kifungo cha miaka 25 na mwenzake miaka 23. Hatua hizo zilistahili pongezi. Hata hivyo, kete bado zauzwa vichochoroni. Kumsaka mwuzaji ni kazi ya lazima, lakini haimwamshi kijana anayekoroma sakafuni wakati huu huu. Kwa hivyo tunauliza: ni nani atakayemwamsha?

Jibu linategemea kufahamu namna kifo hiki kinavyotokea. Heroini ni ya jamii ya afyuni, na dawa za jamii hiyo hupunguza kasi ya kupumua. Aliyezidiwa huanza kukoroma kwa sauti nzito, mboni za macho zikawa ndogo mithili ya ncha ya sindano, midomo na kucha zikabadilika rangi, na akiitwa haitiki. Hatari huwa kubwa zaidi pale heroini inapochanganywa na pombe au na tembe za usingizi ziitwazo bugizi. Lakini mara nyingi mtu huyu hafi papo hapo. Huweza kupita dakika nyingi, pengine saa nzima au zaidi, kabla ya pumzi kukatika. Na mara nyingi hayuko peke yake. Yuko na wenzake wa maskani, au yuko nyumbani mwao, mama yake akiwa chumba cha pili akidhani mwanawe amelala.

Hao ndio walio karibu naye kabla ya daktari yeyote kufika. Bahati mbaya, wanachokijua ni kummwagia maji baridi, kumnywesha maziwa au kumzaba makofi. Kumnywesha chochote mtu asiyejitambua ni kumsakama koo. Linalofaa ni kuangalia kama anapumua, kumpulizia pumzi kinywani iwapo pumzi zake zimepungua au zimekoma, kumlaza ubavu ikiwa anapumua ili asipaliwe na matapishi, na kumpeleka hospitalini bila kuchelewa.

Isitoshe, ipo dawa iitwayo naloksoni. Dawa hii huifukuza afyuni kutoka mahali inapokamata ubongoni, na aliyezidiwa akaanza kupumua tena baada ya dakika chache. Hudungwa kwa sindano au hupulizwa puani. Haileweshi, wala haimdhuru aliyepewa kwa makosa hali hakutumia afyuni. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, kwa hivyo aliyeamka asiachwe peke yake, maana heroini iliyobaki mwilini huweza kumrudisha usingizini. Mnamo 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba naloksoni iwafikie wote wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa, yaani marafiki, jamaa na wahudumu wa mitaani.

Ushauri huo haukutolewa hewani. Katika mji wa Chicago, Marekani, kikundi cha kijamii kilianza kuwagawia watumiaji wenyewe dawa hii mnamo 1996. Kufikia 2010 vikundi vya aina hiyo nchini humo vilikuwa vimewafunza na kuwapa naloksoni watu 53,032, na vikapokea taarifa za watu 10,171 waliorejeshewa pumzi. Waliofanya kazi hiyo wengi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa mtaa.

Hapa Kenya naloksoni hupatikana katika baadhi ya hospitali, katika kliniki za methadoni na katika baadhi ya vituo vya mashirika yanayowahudumia waraibu. Huko ni kuzuri, lakini kifo hakisubiri kliniki ifunguliwe. Dawa hii haina budi kufika kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa mzazi wa mraibu, na kwa mateja wenyewe waliofunzwa kuitumia. Wako wasemao kwamba kufanya hivyo ni kuwatia watu moyo wa kuendelea na unga. Hoja hiyo haina mashiko. Anayeamshwa kwa naloksoni huamka na arosto kali, na hapana mtu atakayeitafuta hali hiyo kama starehe. Aidha, maiti haipokei nasaha. Anayetaka kumwona kijana akitubu hana budi kwanza kumweka hai.

Lipo jambo jingine linalowaua vijana wetu, nalo ni hofu. Wenzake wa maskani humwona akizidiwa, wakakimbia, kwa sababu wanajua kwamba kupiga simu ni kuwaita askari. Jimbo la New Mexico huko Marekani lilitambua hatari hii, na mwaka 2007 likapitisha sheria ya kumkinga asishtakiwe kwa kupatikana na mihadarati mtu anayeomba msaada kwa ajili ya aliyezidiwa. Sheria yetu ya mihadarati ya mwaka 1994 ni kali, na kwa walanguzi ukali huo unafaa. Lakini Bunge laweza kuweka kinga kama hiyo kwa anayeokoa maisha, na hata kabla ya sheria kubadilishwa, wakuu wa polisi katika kaunti za Pwani wanaweza kuwaagiza askari wao wasimkamate aliyemleta mwenzake hospitalini.

Sasa tugeukie siku ambayo wengi huidhania kuwa ya salama. Ni siku ya kurejea nyumbani. Kijana aliyekaa miezi sita gerezani au katika kituo cha kurekebisha tabia, bila kugusa unga, mwili wake umepoteza ule uzoefu wa kuustahimili. Akiteleza mara moja na kutumia kipimo alichokizoea zamani, kipimo hicho chaweza kumwua. Watafiti waliofuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka 2007. Waligundua kwamba katika majuma mawili ya kwanza hatari ya watu hao kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo.

Kwa hivyo majuma hayo mawili ndiyo yanayoupima mtaa. Je, aliyerejea hupokewa vipi? Mara nyingi hupata godoro lake limetupwa nje, jina la mwizi likimsubiri kibarazani, na hapana wa kumpa kibarua. Mahali pekee panapomkaribisha kwa furaha ni maskani alikotoka. Kisha akifa twasema hakusikia la mkuu.

Mtaa waweza kufanya kinyume. Imamu na mchungaji waweza kumtaja kwa heri mbele ya waumini badala ya kumfanya mfano wa waliopotea. Fundi waweza kumpa kazi ya siku, hata iwe ndogo. Aliyeacha unga zamani awe mwenzi wake wa kila jioni, kwani ndiye anayejua njia ilivyo. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2009 kufungua nyumba za kuishi waraibu wanaopata nafuu, zikiendeshwa na watu waliowahi kuwa watumiaji wenyewe. Huku kwetu methadoni ilianza kutolewa Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata ikafika Pwani. Lakini dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku, na asiye na nauli hukosa. Wanaomchangia maiti sanda na gari hawashindwi kumchangia aliye hai nauli ya matatu.

Hatusemi kwamba serikali ijivue mzigo na kuutwika mtaa. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, na kaunti zina wajibu wa kuitengea naloksoni na methadoni fedha zao zenyewe. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi zilizotegemea misaada hiyo ziliyumba. Uhai wa watoto wetu usiwe wa kutegemea kalamu ya mgeni. Magavana waiandike dawa hii katika bajeti zao, na wakuu wa magereza wahakikishe kwamba kila anayeachiliwa huru amekwisha kuelezwa hatari inayomkabili na kuunganishwa na kliniki iliyo karibu na kwao.

Atakayeteleza tena baada ya yote hayo asitupwe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wengi walioacha unga kabisa hawakufaulu mara ya kwanza. Kila jaribio lahitaji mtu aliye hai wa kulifanya. Wiki hii, katika mitaa mingi ya Pwani, yuko kijana anayetoka gerezani au katika kituo cha matibabu. Majirani wajue siku ya kuja kwake, na nyumba atakayofikia iwe na mtu anayejua la kufanya pumzi zikianza kupungua.