Kasi Si Kipimo cha Juhudi

Aghalabu taarifa za mashindano ya baiskeli huishia kwenye kasi: huyu kaenda kilomita 40 kwa saa, yule 15, na hukumu ikapitishwa papo hapo. Hukumu hiyo ni dhuluma kwa mpanda milima, na miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili ndimo watakamotoka watangazaji wa kuiendeleza au kuikomesha.

Hebu tumchukue mwendeshaji ambaye, pamoja na baiskeli yake, ana kilo 75. Akipanda kimo cha mita 1,000 kwa saa moja, kuushinda mvuto wa ardhi pekee humgharimu takriban wati 204. Katika mwinuko wa asilimia 8, kasi yake haizidi kilomita 12.5 kwa saa. Nguvu zizo hizo, katika tambarare ya Kano karibu na Kisumu, zingemfikisha zaidi ya kilomita 30. Je, huku ndiko alikojitahidi zaidi?

Tambarare nayo ina adui wake, hewa. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu za kuikata hewa hiyo huhitajika mara nane. Ndiyo maana Eddy Merckx, alipoweka rekodi ya saa moja mwaka 1972, kilomita 49.431, aliendea hewa nyepesi ya Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. (Wanaopanda kutoka Bonde la Kerio hadi Iten hewa hiyo huwakatia pumzi.)

Basi mtangazaji na ataje kwanza kimo, upepo na uzito, ndipo aje kwenye kasi. Na wasiopita njia moja siku moja wasipangiwe nafasi.