Uvimbe wa watoto unaojirudia usipuuzwe

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Hata hivyo, huko Nyanza, Magharibi na Pwani kuna dalili moja inayojitokeza mara kwa mara nasi hatuitambui. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja huamka usiku akilia, mikono na miguu imefura, hataki kuguswa. Hukimbizwa hospitalini katika kitengo cha dharura, akapewa dawa ya maumivu. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe hunywea. Miezi michache baadaye huzuka tena, na daktari mwingine aliye zamuni humchunguza kana kwamba hajapata kuugua.

Nionavyo, kosa liko hapo. Kule kujirudia ndiko kunakopasa kumwongoza daktari. Kwa mtoto aliyepita miezi sita, uvimbe huo mara nyingi ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa myembamba inayolisha mifupa ya vidole. Ni kweli kwamba jeraha au maambukizi ya mfupa huweza pia kuleta uvimbe, hasa panapokuwa na homa, na hayo sharti yachunguzwe. Lakini kipimo cha selimundu kisikose.

Kuchelewa kuna hasara kubwa. Mtoto asiyetambuliwa hukosa penisilini ya kumkinga na maambukizi ya bakteria yanayoweza kumuua kwa muda mfupi. Wazazi nao hubaki wakishuku jicho la hasidi.

Ugonjwa huu si uchawi, wala si mgeni. James Herrick aliueleza mjini Chicago mwaka wa 1910. Mwaka wa 1954, Anthony Allison, aliyelelewa humu Kenya, alionyesha kwamba anayerithi jeni yake kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana umeenea penye malaria. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa.

Walimu wanaofunza urithi katika bayolojia wasikomee ubaoni. Wawaeleze wanafunzi, ambao ndio wazazi wa kesho, maana ya uvimbe huo. Nao wazazi waandike tarehe ya kila uvimbe katika kijitabu cha kliniki na kumwonyesha daktari. Naye daktari, kabla ya kuandika dawa, aulize: je, mtoto huyu amewahi kuvimba hivi?