Alalaye Huku na Afanyaye Kazi Kule

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja katika wanachama wetu alisimama mbele ya meza ya duka letu akiwa na waraka alioletewa na mwanawe aliyeko Marekani. Kijana huyo amepanga nyumba New Jersey, na huko ndiko wanawe wanakosoma. Lakini kila asubuhi huvuka Mto Hudson kwenda New York kutafuta riziki. Alilolalamikia ni kuwa majimbo yote mawili yameweka mkono juu ya mshahara mmoja, kila moja likisema: huyu ni wangu. Waliokuwapo barazani wakapiga kelele kuwa huo ni wizi mtupu. Sisi siku ile hatukujibu neno, kwani si ada yetu kutoa hukumu kabla ya kuzitazama hesabu. Tumezitazama, na leo twatoa jawabu hadharani, maana tumeona kadhia hii haimhusu yule mzee peke yake.

Kwanza wasomaji wetu yawapasa wafahamu kuwa Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na hazina yake. Mfanya kazi hutoa kodi ya mapato kwa serikali kuu, na hiyo ni moja kwa nchi nzima. Kisha jimbo nalo hutoza kodi yake kwa sheria yake. Yako majimbo tisa yasiyotoza kodi ya mshahara kabisa, kama vile Florida, Texas na New Hampshire, na hili la mwisho tutalirudia. Mengine yote hutoza, tena kila moja kwa kiwango lionacho.

Basi mtu alalaye huku na kufanya kazi kule hukutana na haki mbili. Jimbo la kazi husema: fedha hii imechumwa katika ardhi yetu, kwa usalama wetu na barabara zetu. Jimbo la makaazi husema: huyu ni mtu wetu, nasi twamtoza kwa mapato yake yote, popote alipoyachuma. Haki zote mbili zimekubaliwa na mahakama za huko tangu zamani. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Oklahoma, iliamua kuwa jimbo laweza kumtoza asiye mkaazi kwa kile alichokipata ndani ya mipaka yake. Kinachomwokoa mlipaji asikamuliwe mara mbili ni kuwa jimbo la makaazi humpunguzia kodi yake kwa kadiri ya ile aliyokwisha kulipa jimbo la kazi.

Tuitie hesabu, kwani hesabu haimwonei mtu haya. Tuseme, kwa mfano tu, kodi ya New York juu ya mshahara wa kijana yule ni dola 5,000, na lau angelifanya kazi kwao New Jersey angelitozwa dola 4,000. New York itachukua 5,000 zake kamili, na New Jersey haitapata kitu katika mshahara huo. Wala ile 1,000 iliyozidi haitarejeshwa na yeyote. Tugeuze mfano: New York iwe 5,000 na New Jersey 6,000. Hapo atalipa 5,000 kule na 1,000 kwao. Kwa hivyo si kweli kuwa hulipa mara mbili, na wale waliosema wizi walikosea. Lililo kweli ni kuwa daima huchukua mzigo wa lile jimbo lenye kodi kubwa zaidi.

Ama namna ya kuzipeleka taarifa, hapa ndipo wengi wanapoteleza, na kijana wa mzee wetu naye ameteleza. Yeye alianza na taarifa ya New Jersey, kwa kuwa ndiko kwao. Kumbe utaratibu ni kinyume: huanzwa taarifa ya jimbo la kazi, ile ya asiye mkaazi, ambayo New York huitwa IT-203, ili ijulikane kodi yenyewe ni kiasi gani, kisha ndipo huandikwa ile ya New Jersey, NJ-1040, pamoja na jedwali la kuombea punguzo. Kosa lake la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Katika kuomba punguzo aliandika kile kiasi ambacho tajiri wake alikikata mwaka mzima, kama kilivyo katika hati ya mshahara iitwayo W-2. Lakini kinachokatwa mshaharani ni amana tu, mfano wa fedha ambayo mteja huweka dukani kabla ya kupimiwa. Kodi yenyewe ni ile iliyotokea katika taarifa baada ya hesabu kukamilika. Vitu hivi viwili ni nadra kulingana. Mwenye kuvichanganya ama hujipunja mwenyewe, ama huandikiwa barua ya deni na riba.

Hayo ni ya mlipaji. Sasa tuje kwa hazina, kwani hapa ndipo penye uzito.

Jimbo la kazi hutangulia kuchukua, na jimbo la makaazi hupata masazo, na mara nyingine hata masazo hayabaki. Ilhali ni jimbo la makaazi ndilo lisomeshalo watoto wa mtu huyu, na ndilo zimamoto wake hukimbilia nyumba yake ikiwaka. Watu wa New Jersey wameliona jambo hili miaka mingi. Mwaka 1961, wakati jimbo lao halikuwa bado na kodi ya mapato kwa watu wote, walitunga kodi ya dharura ya usafiri kwa wavukao mpaka baina yao na New York, kwa sababu waliona jirani anavuna nao wanatazama. Lipo na jingine. Wamarekani walitengana na Waingereza mwaka 1776, na miongoni mwa hoja zao kubwa ilikuwa kutozwa kodi na bunge ambalo hawana mjumbe ndani yake. Leo mkaazi wa New Jersey hulipa kodi iliyotungwa na bunge la New York, na siku ya uchaguzi wa bunge hilo hana kura. Twalisema hili si kwa kuwacheka, bali kuonyesha kuwa hoja njema hushikwa kwa nguvu na anayetozwa, na husahauliwa upesi na anayetoza.

Je, jirani mdogo hana kinga? Anayo, wala haikutokana na udugu. Imetokana na maandishi na mahakama. Mwaka ule ule wa 1920 New York ilikuwa ikiwapa wakaazi wake nafuu fulani za kodi na kuwanyima wafanya kazi watokao nje. Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria hiyo. Mwaka 1975 ilikuwa zamu ya New Hampshire, ambayo haikuwatoza watu wake kodi ya mshahara, lakini ilibuni kodi iliyowaangukia wageni watokao majimbo ya jirani tu. Watu wa Maine wakashitaki na wakashinda. Mwaka 1999 bunge la New York liliwafutia wakaazi wa jimbo hilo kodi ya kufanya kazi katika Jiji la New York na kuwaachia wa nje waendelee kulipa. Mwaka uliofuata mahakama kuu kabisa ya jimbo hilo hilo ikasema hapana, kama imefutwa kwa mmoja imefutwa kwa wote. Na mwaka 2015 Maryland, iliyokuwa haiwapi watu wake punguzo kamili kwa kodi walizolipa nje, ilishindwa kwa kura tano za majaji kwa nne. Kura moja tu, na mamilioni ya dola yakabadili njia.

Lakini mahakama nazo zina siku za kunyamaza. New York ina kanuni isemayo kuwa mtu mwenye ajira ndani ya jimbo, akifanya kazi nyumbani kwake nje ya jimbo kwa raha yake na si kwa haja ya tajiri, siku hiyo huhesabiwa kuwa amefanya kazi New York. Profesa mmoja wa sheria, Edward Zelinsky, mkaazi wa Connecticut, aliipinga kanuni hii, kwani siku alizokaa kwake akiandika zilitozwa na majimbo yote mawili bila ya punguzo. Alishindwa mwaka 2003. Hapa ndipo lile neno wizi lingalipata mahali pake, lau wazee wetu wa barazani wangalingoja kidogo.

Kisha ikaja maradhi ya mwaka 2020, na watu wakafungiwa majumbani. Massachusetts ikatoa amri kuwa waliokuwa wakienda kufanya kazi kwake kabla ya maradhi wataendelea kutozwa hata kama sasa wamekaa New Hampshire na hawatii mguu. New Hampshire, isiyotoza mshahara, haina punguzo la kumpa mtu wake, kwa hivyo kila dola iliyochukuliwa ilikuwa imekwenda moja kwa moja. Ikaenda Mahakama ya Juu kushitaki, jimbo kwa jimbo. Mahakama ikaitaka rai ya serikali kuu. Serikali kuu ikashauri shauri lisipokewe. Na tarehe 28 Juni 2021 mahakama ikalikataa pasina kueleza sababu, ingawa majaji wawili walitaka lisikilizwe. New Jersey ikajifunza: mwaka 2023 ikatunga kanuni kama ya New York, ya kuwatumia wale tu ambao majimbo yao yanaitumia kwa wengine.

Iko njia iliyo bora kuliko kulipizana. New Jersey hiyo hiyo ina mapatano na jirani yake wa upande wa pili, Pennsylvania, tangu mwaka 1977, kuwa mfanya kazi atalipa kodi ya mshahara kwao tu. Humpa tajiri wake karatasi moja, na mambo yamekwisha. Lakini hata mapatano huvunjika: mwaka 2016 gavana wa New Jersey alitangaza kuyafuta ili apate fedha za bajeti, na baada ya kelele nyingi akarudi nyuma mwaka huo huo. Na mji mkuu wa Washington hauna hata la kuvunja, kwani sheria iliyotungwa na bunge la Marekani mwaka 1973 imeukataza kuwatoza wafanya kazi wakaao Maryland na Virginia. Watu wa mji huo hawana seneta hata mmoja wa kulizungumza hilo.

Sasa wenzetu watauliza, na sisi je? Alalaye Unguja au Pemba na kufanya kazi Dar es Salaam hapeleki taarifa mbili za kodi ya mshahara. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano tangu Mapatano ya Aprili 1964. Sheria yake ni moja, na hata hapa visiwani huikusanya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ilhali kodi zisizo za Muungano, kama ile ya ongezeko la thamani, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyokuwa ikiitwa Bodi hadi mwaka 2022. Kwa upande huo mlipaji wetu ana nafuu kuliko kijana wa New Jersey. (Mwenye duka avushaye bidhaa zake ana hadithi nyingine, na siku moja tutaieleza.)

Lakini kwa sababu mlipaji hakatwi mara mbili, haulizi fedha yake imeingia mfuko gani. Mtu wa taasisi ya Muungano aliye kazini Zanzibar anakatwa kodi mshaharani: je, ifuate mahali anapofanya kazi, mahali anapolala, au mahali hundi ya mshahara inapotiwa saini? Hili limekuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa miaka na miaka baina ya serikali mbili, na limejadiliwa vyumbani. Katiba ya Muungano, katika ibara za 133 na 134, imetaja akaunti ya fedha ya pamoja na tume ya pamoja ya fedha. Na katika ibara ya 126 imetaja mahakama maalumu ya kuamua mgogoro wa serikali mbili katika kuitafsiri Katiba hiyo, nusu ya wajumbe wakiteuliwa na upande huu na nusu upande ule. Vyombo vimekwisha kuandikwa. Twawataka wawakilishi wetu waiulize serikali barazani, kwa swali la maandishi, kanuni gani inayotumika kugawa kodi ya mishahara ya watu hao, nani aliyeiandika, na mwaka jana ilileta shilingi ngapi. New Hampshire ilishindwa, lakini kila mtu wake alijua ilichokuwa ikidai.

Ama yule mzee, tumemwandikia jawabu ampelekee mwanawe. Airudie taarifa ya New York kwanza, kisha aisahihishe ile ya New Jersey kwa kodi iliyotokea humo na si kwa fedha iliyokatwa, aambatishe nakala, na azihesabu kwa tarehe siku alizofanya kazi nyumbani, azitunze pamoja na hati za mshahara. Ametuuliza kama ni bora ahamie New York yakaisha. Tumemwambia aulize kwanza kodi ya nyumba.