Ndai ya Kuchomelea Tononoka: Makofi Tele, Lakini Bima Atatoa Nani?

Kila baada ya muda mtandao unawaka: msee fulani amechomelea vyuma, akafunga injini ya pikipiki, na sasa anaendesha ndai aliyojiundia mwenyewe. Wakenya wanamwaga makofi, wanaambia gava impe kazi, wiki ikiisha stori imekufa. Swali ambalo watu hawaulizi ni moja tu: hiyo ndai ikigonga mtu, nani analipa?

Tuilete hapa kwetu. Chukulia fundi wa Tononoka amemaliza gari lake. Breki zinashika, taa zinawaka, anataka tu kuteremka hadi Mwembe Tayari kama wenye magari wengine. Hapo ndipo rada inabadilika. Sheria ya Trafiki inataka gari lisajiliwe kabla halijatumika barabarani. Sura ya 405 nayo inataka liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Na hizo mbili zimeshikana mikono, maana cheti cha bima hutolewa kwa namba ya usajili au ya chasisi.

Gari lililoshuka bandarini Kilindini lina karatasi za forodha na chasisi iliyogongwa namba kiwandani. Lililounganishwa pale AVA Miritini pia lina kiwanda kinacholijibia. La fundi wetu lina nini? Risiti za vyuma na jina alilolipaka ubavuni. Karao akimsimamisha, hana cha kutoa mfukoni.

Wajanja wana njia yao: nunua gari kuukuu lenye logbuku, bakisha chasisi, jenga bodi mpya juu yake. Si mbaya, bora ufanye kwa form. Ukibadilisha injini, rangi au bodi, NTSA inafaa kujulishwa ili logbuku ifanane na kile kilichoko barabarani. Kampuni ya bima nayo lazima iambiwe. Bima inasimama kwa ukweli: ukificha jambo kubwa, kampuni ina haki ya kwenda kortini kuomba ijitoe kwenye mkataba.

Ikijitoa, anayeumia si mwenye gari peke yake. Ni mama wa mahamri aliyekuwa anavuka barabara. Sura ya 405 inaweka dari ya shilingi milioni 3 ambazo bima inaweza kudaiwa kwa mtu mmoja. Bila bima, atabaki kumshtaki fundi ambaye mali yake yote ni ile ndai iliyobondeka. Atashinda kesi, lakini hatapata doh.

Na mtu asikuambie haiwezekani kukagua kazi ya kuchomelea. Tazama nganya. Chasisi inakuja na karatasi zake, lakini bodi inajengwa na mafundi wetu hapa hapa, na KEBS ina kiwango chake, KS 372. Yaani serikali tayari inajua kupima chuma kilichochomelewa mtaani, bora kiwe kwenye matatu.

Uingereza wameenda mbele zaidi. Huko mtu akiunda gari gerejini kwake, hulipeleka kwenye ukaguzi wa gari moja moja unaoitwa IVA. Wanaangalia breki, taa, usukani, mikanda, hata kona kali za bodi. Likipita, linasajiliwa. Kama asili yake haieleweki, linapewa namba inayoanza na Q, na kila mnunuzi anajua anachonunua.

Sisi tumezoea ndoto kubwa kubwa. Nyayo Pioneer ilizinduliwa 1990 kwa shangwe, haikufika sokoni. Mobius ilitangaza kufunga Agosti 2024, kabla ya mnunuzi kujitokeza. Zote zilikuwa na wakubwa nyuma yake. Fundi wa mtaa hahitaji kiwanda wala hotuba. Anahitaji NTSA, KEBS na kampuni za bima wakae meza moja watoe fomu moja, ukaguzi mmoja na ada inayojulikana.

Mpaka hapo, mwanangu, ndai yako iendeshe ndani ya uwanja uliopewa ruhusa, usiitoe barabarani. Likes ni tamu, lakini hazilipi bili ya hospitali.