Kutu ya Ngano si Laana, wala Mvua si Mshtakiwa



Kila majani ya ngano yanapogeuka manjano katika nyanda zetu za juu, husikika maneno matatu. Wa kwanza husema: ni laana. Wa pili husema: ni hali ya hewa, nani atashindana na mvua? Wa tatu, mwenye duka, husema: nunueni dawa. Sisi twayakataa yote matatu, kwa kuwa kila moja humfungia mkulima mdogo mlango wa haki yake.

Tuanze na laana. Warumi wa kale walikuwa na mungu wa kutu, jina lake Robigus, ambaye kila tarehe 25 Aprili walimchinjia mbwa ili asiyaguse mazao yao. Kanisa lilipoiweka siku hiyohiyo kuwa ya maandamano ya Litania Kuu, halikumvika Mungu hasira ya Robigus. Liliomba baraka juu ya mashamba. Basi anayemwambia mjane aliyepoteza ekari zake mbili kwamba anaadhibiwa, huyo amerudi kwa Robigus.

Kutu ni kuvu. Mbegu zake, laini kama vumbi, husafirishwa na upepo toka shamba hata shamba, na hata kuvuka mipaka ya nchi. Kutu ya manjano hupenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 za sentigredi, na yatosha jani lilale na umande kwa saa chache ili kuvu ipenye. Baada ya majuma mawili hivi, jani hilo hutoa vumbi jipya. Kutu ya majani, yenye rangi ya kahawia, hupendelea joto zaidi. Ugonjwa wa madoa uitwao septoria hupanda kwa matone ya mvua yanayoruka toka mabua ya msimu uliopita na majani ya chini hadi ya juu. Mkulima huweza kukaa majuma matatu bila kuona dalili, hali ugonjwa umo ndani tayari.

Wala tusidhani kwamba ongezeko la joto litatuponya. Tangu mwaka 2000 hivi, zimeenea aina za kutu ya manjano zinazostahimili joto kuliko zile za zamani. Ukame nao hupunguza septoria, lakini mvua zikirudi nje ya majira yake, mpangilio wote wa mkulima huvurugika.

Hapo ndipo neno la pili linapoanguka. Ikiwa umande, mvua, upepo na joto ndivyo viletavyo ugonjwa, na ikiwa vyote vyapimika, basi ugonjwa wenyewe hutabirika. Mwaka 2010 nchini Ethiopia mvua zilizidi kawaida, na aina mbili za ngano zilizopandwa na wengi, Kubsa na Galema, hazikuweza kuikinga kutu ya manjano. Takriban hekta 600,000 zilipatwa. Baadaye nchi hiyo, ikishirikiana na wataalamu wa CIMMYT, Chuo Kikuu cha Cambridge na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, ilijenga utaratibu wa tahadhari: taarifa za mashamba yaliyougua huunganishwa na utabiri wa upepo na unyevu wa hadi siku saba, na onyo likapelekwa kwa maafisa wa kilimo na wakulima, hata kwa simu. Mvua ni ileile. Tofauti ni kwamba mtu ameonywa.

Nasi je? Mataifa huleta ngano yao Njoro ipimwe dhidi ya kutu ya shina. Elimu i mlangoni petu. Ni haki gani hiyo, ikiwa mwenye shamba kubwa ana mtaalamu wake, na mwenye ekari mbili hupata habari kwa kuona majani yamekwisha kukauka?

Na dawa? Hatuikatai. Lakini dawa hulinda jani lingali zima, halifufui lililokufa. Jani la juu kabisa ndilo hasa linaloijaza punje, nalo likishaliwa, fedha ya dawa imetupwa. Anayemuuzia maskini dawa siku hiyo, naye akijua, amemwibia.

Kwa hiyo twaziambia serikali za kaunti, zilizokabidhiwa huduma za kilimo tangu 2013: pelekeni maafisa mashambani kabla ya msiba, si baada yake. Nanyi viongozi wa Jumuiya, msingoje. Kagueni mashamba kila juma wakati wa umande na mvua. Mkiona unga wa manjano, pasheni habari siku hiyohiyo. Ng'oeni ngano iliyojiotea kati ya misimu, kwani kutu huishi katika mmea mbichi tu. Msipande wote mbegu ya aina moja. Na mkutanapo na viongozi mliowachagua, waulizeni: utabiri mlionao, mbona haukutufikia?

Mvua haina mashitaka ya kujibu. Aliyejua na akanyamaza, anayo.